Karatasi ya Mama wa Malili

Wiki hii tunataka kuzungumza na nyinyi juu ya jambo lililozuka katika safari, nalo ni la binti mmoja wa mtaani kwetu aliyechaguliwa kusomea sheria, na mabishano yaliyotokea baina yake na mama yake kuhusu lugha.

Tulikuwa wanawake watano na binti huyo, tumekodi gari kutoka Mombasa kumsindikiza chuoni Nairobi. Tulikwisha kupita Voi, Mtito Andei na Makindu, na maneno yote ya safari yalikuwa ni ada, malazi, na bei ya godoro. Huko Emali ndipo binti alipofungua simu yake na kumwonesha mama yake kozi aliyoiona ya chuo kikuu kimoja katika nchi ya Wales: mwanafunzi husomea sheria pamoja na lugha ya Kiwelisi, akatoka na shahada moja yenye mambo yote mawili. Akasema, “Mama, laiti na sisi tungekuwa na kama hii kwa Kiswahili.”

Mama yake alicheka. “Kiswahili unakijua tangu tumboni. Uende chuo kikuu ukalipe ada ufundishwe unachokisema jikoni? Soma sheria, na Kiingereza chako kiwe kizuri, basi.”

Hatutamlaumu mama huyu, kwa kuwa sote garini tulimwunga mkono. Tulimwuliza binti hao Wales ni watu gani hata wakahitaji mawakili wa lugha yao ilhali wote wanajua Kiingereza. Alitujibu kwa yale aliyoyasoma, na baadaye sisi wenyewe tumeyatafuta tukayakuta ni kweli. Wales ni nchi ndogo iliyo ubavuni mwa Uingereza. Mwaka 1536, chini ya Mfalme Henry wa 8, ilitungwa sheria iliyoamuru mahakama za Wales ziendeshwe kwa Kiingereza pekee, na asiyejua lugha hiyo asipewe wadhifa. Hali hiyo ilikaa zaidi ya miaka 400. Mwaka 1942 ikaruhusiwa mtu kusema Kiwelisi mahakamani ikiwa Kiingereza kingemletea hasara. Mwaka 1967 ruhusa ikapanuliwa. Na mwaka 2011 Kiwelisi kikathibitishwa kuwa lugha rasmi ya Wales. Leo sheria za bunge lao huandikwa kwa lugha mbili, na nakala zote mbili zina nguvu sawa mbele ya hakimu. Na wasemaji wa lugha hiyo, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2021, walikuwa kiasi cha 538,000 tu.

“Nusu milioni!” akasema mmoja wetu. “Hao si hata nusu ya Mombasa.” Tukacheka, na gari likaendelea kupita Sultan Hamud, mji uliobeba jina la Sultani wa Zanzibar bila ya wengi wanaoupita kulifikiri hilo, kisha Salama, hata tukafika Malili.

Malili ni kituo kidogo cha barabarani katika kaunti ya Makueni, kiasi cha kilomita 60 kabla ya kufika Nairobi. Wengi wetu tunapapita usingizini. Mkabala na hapo ndipo palipo ardhi ya Konza, ekari 5,000 ambazo serikali ilizinunua kutoka shamba la ng'ombe la Malili ili kujenga mji wa teknolojia, na jiwe la msingi likawekwa mwezi Januari 2013. Shamba lile lilikuwa la wenye hisa wengi, na mauzo yake yalizaa mashauri ya mahakamani. Basi mahali pale watu wamezoea kusikia habari za ardhi, hati na mawakili, kama sisi tulivyozoea kusikia habari za viwanja vya pwani visivyo na hati.

Tulishuka tukaswali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri, kisha tukakaa kivulini kwa wauza matunda. Binti yetu alikuwa amevaa fulana ya chuo juu ya buibui, hiyo fulana wanayopewa wanafunzi wapya. Mama mmoja wa makamo, mwenye kiondo, akaiangalia fulana, akamwangalia na yeye, kisha akamwuliza kwa Kiswahili cha kujikongoja: “Wewe unasoma mambo ya koti?”

“Ndiyo kwanza naenda kuanza, mama.”

Yule mama akatoa kiondoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa nakala ya ukurasa wa Gazeti Rasmi la Serikali. Kijana wa duka la kutoa nakala alikuwa ameliona humo jina la marehemu mume wake, akamtolea nakala na kumwambia tu, “Jina la mzee liko humu.” Tangu siku hiyo alikuwa akitembea nayo, akimwonesha kila aliyedhani anaweza kuisoma. Mmoja alimwambia ni habari za shamba. Mwingine alimwambia aingoje, ataitwa.

Binti yetu aliisoma. Kiingereza chake ni kizuri, alipata alama ya juu katika mtihani, na alisoma bila ya kukwama. Kisha akageuza kwa Kiswahili: “Mama, inasema kwamba mtu huyu ameomba mahakama impe barua za utawala.”

Uso wa yule mama ukafunguka. “Aa, barua ya utawala! Hiyo ninayo. Chifu aliniandikia kitambo, na majina ya watoto wote yamo.” Akaikunja karatasi yake, akairudisha kiondoni, akashukuru.

Sisi nasi tuliridhika. Tulidhani wema umekwisha kutendwa. Ila mmoja wetu, aliyefiwa na bwana wake miaka mitatu iliyopita na kupitia Mahakama ya Kadhi mjini Mombasa kugawanya alichokiacha, hakuridhika. Akasema, “Mwanangu, hebu soma tena. Utawala gani huo unaoombwa mahakamani? Chifu ndiye utawala. Mahakama haitoi barua za chifu.”

Binti akasoma tena, pole pole, na mama yule mjane akamsikiliza kama mtu anayesikiliza hatua nje ya mlango. Kisha akasema, “Hiyo si barua, wala huo si utawala. Hiyo ni hati ya kusimamia mirathi. Kuna mtu anataka akabidhiwe mali ya marehemu yote aisimamie yeye. Jina lililotajwa ni la nani?”

Lilikuwa jina la mtoto wa kiume wa mke mwenza.

Msichana aliyekuwa akiuza maembe alifasiri kwa Kikamba, akimwita yule mama “mwaitu”, kwa upole mwingi. Hatukuhitaji kujua Kikamba ili kuona kwamba safari hii ameelewa. Aliketi chini. Akauliza jambo moja tu: siku ngapi?

Hapo ndipo tulipouona uzito wa ile karatasi. Tangazo la namna hiyo humpa yeyote mwenye pingamizi siku 30 tangu lilipochapishwa. Zikipita, mahakama yaweza kuendelea na kutoa hati. Tuliiangalia tarehe, tukahesabu kwa vidole, kila mmoja kivyake, na sote tukafikia hesabu moja. Siku 24 zilikuwa zimekwisha. Kama tungepanda gari dakika tano mapema, yule mama angerudi nyumbani akiwa na yakini kwamba barua yake ya chifu inatosha, na yakini hiyo ingetoka kwetu.

Tulimweleza tuliyokuwa na hakika nayo: kwamba kwa Sheria ya Mirathi ya Kenya, iliyoanza kutumika 1 Julai 1981, mke aliyebaki hutangulizwa katika kupewa usimamizi wa mali ya mumewe, kwamba aende na karatasi ile, kitambulisho chake, cheti cha kifo na hiyo barua ya chifu katika masjala ya mahakama iliyotajwa katika tangazo, na kwamba aseme wazi kuwa anataka kuweka pingamizi. Zaidi ya hapo hatukuthubutu. Sisi si mawakili, na aliye njiani kuwa wakili alikuwa amekaa kimya, machozi yakimlengalenga.

Kutoka Malili hadi Nairobi hakuna aliyezungumza habari za godoro. Mama mtu ndiye aliyevunja ukimya. Alimwambia bintiye, “Sikujua kwamba kuna Kiswahili ambacho mimi na wewe hatukijui.”

Na hilo ndilo tulilolichunguza tuliporudi. Tumekuta kwamba sheria zetu zenyewe zina nyuso mbili katika jambo hili. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Anayekamatwa ana haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, na anayeshtakiwa ana haki ya mkalimani bila ya malipo. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 259, inasema zikihitilafiana nakala zake za lugha mbalimbali, ya Kiingereza ndiyo itakayoshika. Linganisheni na wale nusu milioni wa Wales.

Sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai, kama ilivyoandikwa, inaruhusu Kiingereza au Kiswahili katika mahakama za chini, ila lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa inaitaja kuwa ni Kiingereza. Kwa kina mama wa Pwani jambo hili si la mbali. Mahakama za Kadhi zimo katika Katiba, kifungu cha 170, nazo husikiliza mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu waliokubali kupeleka shauri lao huko. Mbele ya kadhi mwanamke husema kwa lugha yake habari za mahari, eda na fungu lake, na maneno hayo hayahitaji mkalimani. Mmoja wa wenza wake akikata rufaa, shauri hupanda hadi Mahakama Kuu, mbele ya jaji anayeketi pamoja na Kadhi Mkuu au makadhi wawili. Hapo mwanamke yule yule aliyekuwa msemaji anageuka msikilizaji. Mjane tuliyekuwa naye safarini alitusimulia kwamba rufaa ya shemeji yake ilisikilizwa asubuhi nzima, na yeye alichoambulia ni jina lake mwenyewe lililotajwa mara nyingi.

Katika kesi za jinai hatari ni kubwa zaidi, na imo katika maneno mawili madogo. Mshtakiwa husomewa shtaka, naye akijibu “ni kweli”, yaweza kuandikwa kuwa amekiri kosa. Lakini sote tunajua Mswahili anavyosema “ni kweli”. Ni kweli nilikuwepo. Ni kweli tuligombana. Ni kweli yasemwayo, ila mkono wangu haukumgusa. Kwa sababu hiyo Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri la mwaka 1973, iliweka utaratibu ambao mahakama zetu huufuata mpaka leo: shtaka na viungo vyake vyote visomwe kwa lugha ya mshtakiwa au lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe, kisha maelezo ya kosa yasomwe naye apewe nafasi ya kuyakanusha. Utaratibu ni mzuri. Anayeutekeleza siku hadi siku, hata hivyo, mara nyingi ni karani wa mahakama aliyegeuzwa mkalimani, mwenye majalada mengi mbele yake.

Jirani zetu Tanzania wametangulia. Mahakama zao za mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili, ingawa kwa miaka mingi mahakama za juu zilisikiliza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza. Katika Siku ya Sheria, 1 Februari 2021, huko Dodoma, Rais Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba aliyeandika hukumu kwa Kiswahili, akampandisha kwenda Mahakama ya Rufani. Mwezi huo huo bunge likabadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Wala halikuanza mwaka huo. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961, na katika miaka ile ile ya 60 mkuu wake wa kwanza, A. B. Weston, alishiriki katika kazi ya kukusanya istilahi za sheria za Kiswahili. Yeye hakuwa Mswahili. Tunalitaja hilo kwa kuwa maneno mengi yaliyokuwa yakitafutwa, kama wakili, dhamana, wosia, hiba, shahidi, kiapo, rufaa na wasii, yalikuwa yakizungumzwa barazani Lamu na Mombasa kabla ya chuo kikuu chochote katika nchi hizi.

Sasa tuje kwa wazazi wenye mabinti wanaotaka njia hii, maana tumekwisha kuulizwa. Katika vyuo vyetu vya Kenya sheria kwa kawaida husomwa peke yake kwa miaka 4, na Kiswahili husomwa upande wa fasihi na ualimu. Baada ya shahada kuna mafunzo ya uwakili katika Chuo cha Sheria cha Kenya. Wengi hawajui kwamba kanuni za kuingilia sheria zinataka alama ya wastani ya C+ katika mtihani wa kidato cha nne pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili. Lugha yetu inatosha kumfungulia mwanafunzi mlango. Akisha kuingia, anaweza kumaliza masomo bila ya kulikuta neno lake moja darasani.

Kwa hiyo mwanafunzi hana budi kujitafutia mwenyewe: kuomba somo la tafsiri katika kitivo cha lugha, kusoma hukumu za Tanzania zilizoandikwa kwa Kiswahili, kukaa nyuma katika Mahakama ya Kadhi wakati wa likizo na kusikiliza. Wako wanaovuka kwenda Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichoko Tunguu, ambacho tangu 1998 kinafundisha sheria pamoja na sharia ya Kiislamu. Anayefikiria njia hiyo na anataka kufanya kazi ya uwakili Kenya, aulize kwanza katika Baraza la Elimu ya Sheria kama shahada yake itatambuliwa na ni masomo gani atatakiwa kuongeza. Aulize kabla ya kulipa ada.

Mmoja katika sisi bado anashikilia kwamba haya yote ni kazi ya serikali, si ya msichana wa miaka 18, na kwamba mkalimani mzuri aliyelipwa vizuri angetosha. Tumebishana naye hata usiku. Ana haki katika nusu ya maneno yake. Lakini pale Malili hapakuwa na mahakama wala mkalimani. Palikuwa na wauza maembe, na karatasi, na siku sita. Mambo mengi ya sheria huwapata wanawake mahali kama pale, kabla hawajafika mbele ya hakimu yeyote, na aliyepo ndiye anayeulizwa.

Binti yetu ameanza masomo. Mama yake amemnunulia daftari lenye jalada gumu, na kila Ijumaa jioni humpigia simu: binti anataja neno la Kiingereza alilofundishwa wiki hiyo, mama anakwenda kwa majirani, kwa yule mjane, na mara moja alikwenda hadi kwa karani mstaafu wa Mahakama ya Kadhi, kuuliza wao wangeliitaje. Ubishi ni mwingi. Neno moja la dhamana lilichukua Ijumaa mbili, kwa kuwa kwetu ni neno la mambo matatu, na kila bibi alikuwa na dhamana yake. Ukurasa wa kwanza wa daftari una neno “mirathi”, na chini yake maneno “barua za utawala” yaliyopigwa mstari.

Kuhusu yule mama wa Malili, muuza maembe alichukua nambari ya simu ya mmoja wetu, naye ametuletea habari. Mama alikwenda mahakamani siku ya tatu baada ya kuonana nasi, pamoja na mwanawe wa kike. Pingamizi limepokewa na hati haijatolewa. Amepewa karatasi nyingine yenye tarehe ya kusikilizwa na amri anazopaswa kuzitimiza kabla ya siku hiyo. Imeandikwa kwa Kiingereza, kurasa mbili. Picha yake imetufikia Jumanne, na binti ameomba asubiriwe mpaka Ijumaa.